Wimbo Unaoutilia Shaka: Umalize au Uuache?

Kila mtunzi wa kwaya ninayemfahamu hapa Babati ana daftari ambalo hapendi mtu alifungue. Kwa kawaida ni kaunta buku lililojikunja pembe, na ndani yake zimo nyimbo ambazo hazijawahi kuimbwa. Ukurasa mmoja una kiitikio kizima chenye sauti zote nne, lakini beti hazipo. Mwingine una sauti ya kwanza peke yake, nota zimefutwa na kuandikwa upya hadi karatasi imetoboka. Mbele kidogo kuna kichwa cha wimbo na jina la sikukuu uliyokusudiwa, basi. Sikukuu ilipita na kwaya ikaimba wimbo wa mtunzi mwingine.

Kwa vijana wa bongo fleva daftari hilo ni simu. Kijana amepata biti, ameimba kiitikio kwa kuguna tu ili melodi isimpotee, amehifadhi, kisha amerudi kwenye bodaboda yake au dukani. Wiki inayofuata anausikiliza wimbo na kuona umepoa. Simu ikijaa, unafutwa pamoja na picha za harusi ya jirani.

Watu wa fani hii wakikutana, iwe stendi au nje ya kanisa baada ya misa, mazungumzo hayachelewi kufika huko. Wimbo ninaoutilia shaka niumalize, au niuache nianze mwingine? Walimu wa kwaya wa zamani watakwambia malizia ulichoanza, kwa sababu anayezoea kuacha hatamaliza hata ule mzuri. Maprodyuza wengi watakwambia kama haujakuingia wewe, hautamwingia msikilizaji, usipoteze hela. Mimi nasimama karibu na walimu wa zamani, ila sababu yangu si nidhamu. Naamini wimbo ambao haujakamilika hauna namna ya kuhukumiwa. Unachokihukumu ni hofu yako juu ya wimbo, na hofu hiyo mara nyingi imekosea mahali.

Nitoe mfano wa shaka ambayo haistahili kuua wimbo, kwa sababu naikuta kila mara. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akitunga melodi kwanza kisha akaja kubandika maneno, ni rahisi neno kama "Bwana" likaangukia vibaya: "Bwa" inapita haraka kwenye pigo dhaifu, halafu "na" inapanda juu na kuvutwa mapigo mawili. Mtunzi akiuimba peke yake anahisi kuna kitu kinakwaruza lakini hajui ni nini. Anasema wimbo haujakaa sawa, anageuza ukurasa. Kumbe tatizo ni silabi moja, na dawa yake ni kuuanza mstari nusu pigo mapema, au kutafuta neno lingine litakalokubali mwendo ule. Mpe wimbo huohuo mama anayeimba sauti ya pili. Hana habari na nadharia yoyote, lakini akifika pale atasimama: "Mwalimu, hapo kwenye Bwana panatushinda." Kwa sentensi moja amekuonyesha ulichokitafuta mwezi mzima. Asingeweza kukuonyesha kama usingempa kitu cha kuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Au chukua besi. Watunzi wengi tunaojifunza wenyewe tunapanga besi inayoifuata sauti ya kwanza hatua kwa hatua, ikipanda inapanda, ikishuka inashuka. Kwenye daftari inaonekana salama. Ikiimbwa, wimbo unakuwa mwembamba, na anayesikiliza anadhani melodi ndiyo dhaifu. Nimeona melodi nzuri zikitupwa kwa kosa la besi.

Kabla nota hazijafika, wenyeji wa nchi hii walijua kwamba utungo hupimwa mbele ya watu. Wairaqw wana slufay, maombi ya baraka yanayotamkwa kishairi wazee wanapokutana. Mzee hutamka mstari, waliomzunguka humwitikia, naye huendelea. Hajifungii ndani na kuleta kitu kilichokwisha kabisa. Huchukua mafungu ya maneno aliyoyarithi, akayapanga mbele ya watu, na mwitikio wao ni sehemu ya utungo wenyewe. Utunzi wa namna hiyo hauna daftari la siri la nusu-nyimbo, maana hakuna hatua ambayo mtunzi yuko peke yake na shaka zake kwa muda mrefu.

Bendi zetu za dansi nazo zilifanya vivyo hivyo kwa njia yao. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978, na katika miaka hiyo na iliyofuata nyimbo nyingi sana zilirekodiwa kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia na kupiga wimbo mzima kwa pamoja, waimbaji, magitaa, ngoma na tarumbeta, utepe ukizunguka. Hakukuwa na kurudi kesho kubandika kipande. Kwa hiyo wimbo ulitengenezwa ukumbini, mbele ya wacheza dansi. Mahali waliporudi kwenye viti, bendi ilipaona. Mahali walipoomba parudiwe, palirefushwa. Mtunzi alikuwa na shaka zake kama sisi, lakini shaka hizo zilikutana na watu wengi kabla hazijapata nafasi ya kuota mizizi.

Studio ya leo inakaa kwenye kompyuta moja ndani ya chumba kimoja, na inaruhusu mstari mmoja urudiwe mara mia. Ni neema kubwa kwa kijana wa Babati asiye na nauli ya kwenda kurekodi Arusha, sembuse Dar es Salaam. Lakini ruhusa hiyo ya kurudia bila mwisho ndiyo inayozaa nusu-nyimbo nyingi kuliko wakati wowote. Kila kitu kinaweza kuahirishwa. Na kila saa ya studio inalipiwa, kwa hiyo mwenye hofu ana sababu halali ya kusubiri.

Hapa nawaelewa maprodyuza. Mwanakwaya anayejaribu wimbo mbovu anapoteza jioni moja, lakini kijana anayelipia studio anapoteza hela ya wiki. Ushauri wangu kwake ni kumaliza wimbo nje ya studio. Auimbe wote kwa gitaa au kwa makofi tu, beti zote zikiwa na maneno, hata kama maneno mengine ni ya kuazima kwa muda. Awaimbie wenzake kijiweni. Ukisimama bila biti, ndipo aulipie. Ukianguka pale, ameanguka nao bure.

Wengine wanatishwa na ukubwa wa kazi. Wanadhani kumaliza maana yake ni beti tano, kibwagizo, na mwisho wenye kishindo. Wakumbuke asili ya Wimbo wa Taifa, ambao watoto wa shule zote za hapa wanauimba wakiwa mstarini. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya kwenye shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" kwa nota za do-re-mi, zilezile ambazo Sarah Glover alizianzisha Uingereza na John Curwen akazieneza, na ambazo wamisionari walizileta hadi huku kwetu. Alitunga ubeti mmoja na kiitikio. Hakusubiri ziada. Wimbo uliimbwa hadharani mwaka 1899, mchungaji mmoja alipowekewa mikono.

Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Mwaka 1912 wimbo wake uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Beti saba zaidi ziliongezwa na mshairi Samuel Mqhayi, zikachapishwa mwaka 1927, zaidi ya miaka ishirini baada ya mtunzi kuzikwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, melodi hiyo ilipewa maneno ya Kiswahili ikawa Wimbo wa Taifa. Zambia nayo inaimba melodi hiyohiyo kwa maneno yake. Inasimuliwa kwamba nyimbo nyingine za Sontonga zilikuwa kwenye daftari, na daftari hilo likaazimwa na kupotea. Kilichotufikia ni kile alichokiweka vinywani mwa wanafunzi wake.

Ninachokiona hapo ni kipimo. Wimbo umekamilika pale kwaya inapoweza kuuanza na kuumaliza bila wewe kusimama kati kuwaeleza kwamba hapa patakuja kitu. Ubeti mmoja unatosha kwa hilo. Ukishafika hapo, kuukataa ni haki yako, na utakuwa unakataa wimbo wa kweli.

Ila kuna kuacha kunakostahili heshima, na hapo ndipo wanaosema malizia kila kitu wanaponipoteza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Lennon alijirekodi nyumbani kwake New York akiimba wimbo wake, sauti na piano kwenye kaseti moja. Aliuawa mwaka 1980. Mwaka 1995 wenzake watatu wa bendi ya Beatles walijaribu kuumalizia wimbo huo, "Now and Then", wakauacha. Piano ilikuwa imeifunika sauti, kaseti ilikuwa na mvumo usioondoka, na George Harrison hakuupenda. Harrison alifariki mwaka 2001. Ilipofika 2023 programu za kompyuta ziliweza kuitenga sauti ya Lennon na piano yake, gitaa alilolipiga Harrison mwaka 1995 likatumika, na wimbo ukatoka mwezi Novemba mwaka huo. Uliachwa karibu miaka ishirini na nane kwa sababu iliyofahamika, na sababu ya kiufundi ilipoondoka ukachukuliwa tena.

Kwa hiyo kwenye daftari nimejiwekea sharti moja: ukurasa hauachwi bila sababu kuandikwa pembeni. "Besi." "Maneno ya ubeti wa pili hayaaminiki." "Juu mno kwa sauti zetu." Neno "mbaya" haliruhusiwi, kwa sababu halimwambii kitu mtu atakayefungua ukurasa huo mwaka kesho, awe mimi au mwanafunzi wangu. Kijana wa simu anaweza kufanya vilevile. Badala ya kuliita faili kwa tarehe, aliite kwa jina la tatizo. Na kabla ya kufuta, autume wimbo kwa rafiki.

Kuna sababu moja ambayo kwayo huwa nauacha wimbo bila kusita, hata ukiwa umepangika vizuri: pale maneno yake yanaposema jambo ambalo mtunzi hawezi kusimama mbele ya watu akalitetea. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, ambayo kwa makanisa yetu ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Katesh ni jirani yetu kwa barabara ya Singida. Kuna wanakwaya wetu waliokuwa na ndugu kule, na siku zilizofuata kila mtu mwenye kalamu alijisikia kudaiwa wimbo.

Nami nilianza wangu. Melodi ilikuja bila shida, nzito, inayoanzia chini kwenye besi na kupokelewa na sauti ya tatu. Maneno nayo yalikuja, na ndiyo yaliyonizuia. Yalikuwa yanawaeleza wafiwa kwa nini jambo lile limetokea, na yalimtaja Mungu kama vile ndiye aliyelipanga ili atufundishe kitu. Nilijaribu kumfikiria mama wa Katesh amekaa benchi la mbele, kwaya inamwimbia hivyo. Hakuna marekebisho ya besi yanayoweza kuponya ubeti wa namna hiyo, na kuumalizia kungekuwa kuusaidia useme kwa ufasaha zaidi kitu ambacho siamini.

Lakini shaka ile haikuihusu melodi, na ilinichukua muda kuzitenganisha. Nilipozitenganisha niliikata melodi ikiwa na sauti zake zote nne, nikaipeleka mazoezini bila maneno, tukaiimba kwa nota tu. Wanaume wa besi wakasema ianzie juu kidogo, nami nikaipandisha. Ilikaa hivyo, inaimbwa do-re-mi kama zoezi la kupasha sauti, hadi msimu wa mavuno nilipoipatia maneno ya shukrani kwa mpunga wa Magugu na mahindi ya Dareda. Sasa inaimbwa wakati wa sadaka. Maneno ya kwanza yako palepale kwenye ukurasa wake, na pembeni nimeandika sababu. Sijayafuta, wala sitampa mtu ayaimbe.