Siatika: Nani Apewe Rufaa Leo, Nani Asubiri

Katika foleni ya kliniki ya mgongo, anayelia kwa sauti ndiye anayepishwa. Ameletwa amejishika mabegani mwa wadogo zake, hawezi kukaa, hawezi kulala chali. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni: ndiyo siatika. Nyuma yake ameketi mzee asiye na kelele. Maumivu yake, anasema, yamepungua tangu juzi. Amebakiwa na jambo dogo tu: ndala ya mguu wa kulia inamvuka njiani bila yeye kujua. Nikiulizwa ni yupi kati ya hao wawili aonwe na bingwa wiki hii, nitamtaja mzee wa ndala.

Sababu iko kwenye namna neva inavyougua. Neva ya siatika ni nene kuliko zote mwilini, karibu unene wa kidole, na mizizi yake hutoka kwenye pingili za chini za kiuno na mfupa ulio chini yake, sakramu. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha ripoti iliyobadilisha uelewa wa maumivu haya: kinachoisumbua mizizi hiyo mara nyingi ni diski, ule mto wa gegedu ulio kati ya pingili na pingili, iliyopasuka na kumwaga kiini chake laini upande wa nyuma. Diski mbili za mwisho, iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno na ile iliyo chini ya pingili ya tano, ndizo zinazohusika katika visa vingi mno.

Kiini hicho hakibani tu. Kemikali zake huuchokoza mzizi hadi unavimba, na uvimbe huo una sehemu kubwa katika yale maumivu ya kumliza mtu mzima. Uchokozi huo hupoa, na chembe za kinga za mwili huanza kukila kipande kilichomwagika. Ajabu yake, vipande vikubwa vilivyokatika kabisa mara nyingi husinyaa zaidi kuliko diski iliyotuna kidogo tu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Basi ukali wa maumivu hutuambia mzizi umechokozwa kiasi gani. Hautuambii kama mzizi unapoteza kazi yake. Mzizi uliobanwa hadi ukaacha kupeleka habari unaweza kuacha hata kuuma. Mgonjwa anafurahi, ndugu wanamshukuru mchuaji, na huku mguu unalegea. Maumivu yakipungua na nguvu ikirudi, mtu anapona. Yakipungua ilhali ganzi inapanda na nguvu inashuka, ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Nguvu hupimwa bila mashine yoyote. Mwambie mgonjwa avue viatu atembee kwa visigino. Akishindwa kuinua unyayo wa upande mmoja, mzizi wa tano wa kiuno una shida. Mwambie asimame kwa mguu mmoja, ajinyanyue kwa vidole mara kadhaa. Akishindwa, mtazame mzizi wa kwanza wa sakramu. Mwisho mwambie ainue dole gumba la mguu huku wewe unalisukuma chini kwa kidole chako. Madaktari huipa nguvu alama kuanzia 0 hadi 5. Alama 3 maana yake kiungo kinajiinua chenyewe lakini hakiwezi kuushinda mkono unaokizuia. Mwenye 4 isiyobadilika anaweza kuangaliwa karibu na nyumbani, mradi apimwe tena wiki ijayo. Mwenye 3 au chini ya hapo aonwe na bingwa ndani ya siku chache. Aliyekuwa na 4 Jumatatu na ana 3 Alhamisi apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu kasi ya kushuka ina uzito kuliko alama yenyewe. Madaktari wa upasuaji bado wanabishana kuhusu kiasi gani kisu kinaurudishia nguvu unyayo ulioanguka. Ubishi huo ni wao kuumaliza pamoja na mgonjwa aliyefika mapema; akifika baada ya miezi sita, hawana tena cha kubishania.

Kuna kundi jingine ambalo halisubiri hata kesho. Uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni fungu la mizizi inayoning'inia ndani ya mfereji wa mifupa, na mizizi hiyo ndiyo inayotawala kibofu, haja kubwa, hisia za sehemu za siri na tendo la ndoa. Diski kubwa ikilibana fungu zima, mgonjwa anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Utafiti umeonyesha kwamba wanaopasuliwa ndani ya saa 48 hupata matokeo bora kuliko wanaocheleweshwa, na kwamba yule ambaye kibofu chake bado kinafanya kazi kwa shida ana matumaini makubwa kuliko yule ambaye mkojo umekwisha kuziba.

Dalili za mbano huo hazimpeleki mtu kliniki akizitaja, kwa sababu ni za aibu. Mwanamume wa miaka 60 aliyesindikizwa na mkwewe hatasema mbele yake kwamba hajui tena mkojo unatoka saa ngapi. Mwanamke aliyejifungua mara nne atadhani ni mambo ya uzazi. Kwa hiyo kwanza atolewe msindikizaji, kisha aulizwe waziwazi, kwa heshima: "Mzee, niwie radhi, swali hili ni la tiba. Ukijitawaza, unayahisi maji na mkono wako?" Sijapata swali lililo wazi kuliko hilo kwa watu wa pwani na bara. Halafu yafuate mengine: mkojo unakuja kwa kusukuma? Unahisi ukipita? Choo kimekutoka bila kujua? Mambo ya ndoa yamebadilika tangu mguu uanze kuuma? Maumivu yako mguu mmoja au miguu yote miwili?

Jibu moja likitia shaka, mgonjwa aende kukojoa, kisha kibofu kipimwe kwa ultrasaundi, au kwa mpira wa mkojo pale ambapo ultrasaundi haipo. Mkojo uliobaki ukizidi mililita 200 shaka inakuwa nzito. Ukiwa chini ya hapo, shaka haifutiki yenyewe. Mtu wa namna hii haanzii zahanati akapandishwa kituo cha afya, akalazwa hospitali ya wilaya kusubiri ya mkoa. Ngazi hizo zimewekwa kwa sababu nzuri, lakini kwake zinarukwa.

Kundi la tatu ni la wale ambao chanzo chao si diski. Hapa vitabu vilivyoandikwa Ulaya havitutoshi. Tanzania na Kenya zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hula pingili pia. Huja polepole: mgongo unauma hata usiku mtu akiwa amelala, homa za jioni, jasho, nguo zinazidi kulegea mwilini, na mara nyingine kinundu kinachoonekana mgongoni. Picha ya kifua inaweza kuwa safi kabisa. Kando ya Ziwa Viktoria kuna jambo jingine nadra lakini la kweli: mayai ya kichocho hufika kwenye ncha ya chini ya uti wa mgongo, na kijana aliyekuwa mzima anapoteza nguvu za miguu na kuziba mkojo ndani ya siku au wiki chache. Dawa yake ni prazikwanteli pamoja na steroidi, na kuchelewa kuijua ni gharama kubwa mno kwa ugonjwa unaotibika kwa vidonge. Ongeza hapo aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti au ya tezi dume, anayeishi na virusi vya UKIMWI huku ana homa, na mfugaji anayekunywa maziwa mabichi katika maeneo yenye brusela. Hawa wote wachunguzwe mapema hata kama mguu una nguvu zake zote.

Mwenye selimundu naye nyonga yake ikaguliwe kabla mgongo haujalaumiwa, maana kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa. Na ngozi itazamwe: mkanda wa jeshi unaweza kuuma mguu mzima siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea.

Sindano nazo zina mchango wake. Mgonjwa wa siatika huchomwa diklofenaki takoni mara nyingi kuliko inavyohitajika, na neva yenyewe inapita humohumo takoni. Sindano iliyokosea mahali huijeruhi papo hapo: mtu anaruka, mguu unawaka hadi unyayoni, na kesho yake unyayo hauinuki. Kila mwenye unyayo ulioanguka ghafla aulizwe kama alichomwa sindano, upande gani na siku gani.

Wanabaki sasa walio wengi kuliko wote: wana maumivu makali, nguvu ipo, mkojo uko sawa, hakuna homa. Je, tuwapeleke kwa bingwa mapema ili wapone haraka? Swali hilo lilijaribiwa Uingereza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Waliwagawa wagonjwa 476 kwa kura. Nusu moja walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipangwa katika makundi matatu kwa maswali mafupi yanayotabiri nani atachelewa kupona, pamoja na dalili za mguuni zilizoonekana walipopimwa. Wa kundi la kwanza walipewa ushauri na kuonwa mara chache, wa pili fiziotherapia ndefu zaidi, na wa tatu walipelekwa moja kwa moja kwenye picha ya MRI na kwa bingwa wa mgongo ndani ya wiki 4. Waliopangwa walipata nafuu kwa wiki 10, wa huduma ya kawaida kwa wiki 12, kwa kipimo cha katikati. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba mpango mpya ulishinda.

Nisieleweke vibaya. Wenye dalili za hatari niliowataja juu hawakuwamo katika utafiti ule, kwa hiyo hauwahusu. Unachotuambia ni kwamba kwa yule anayeumia tu, foleni ya haraka ya bingwa haileti muujiza. Na MRI ya mapema ina kero yake. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja iliyotuna. Familia ikichangishana kulipia picha hiyo wiki ya pili, itapewa karatasi yenye orodha ya diski zilizotuna na pingili zilizochakaa, na mgonjwa ataanza kutembea kwa hofu. Picha ifuate swali: tunataka kujua nini, na jibu litabadilisha tiba ipi?

Wakati wa kusubiri, mgonjwa anahitaji atembee kadiri anavyoweza, asilale kitandani wiki nzima, apewe dawa za maumivu kwa kiasi, na tarehe ya kurudi. Pregabalini, inayoandikwa siku hizi hata kabla mgonjwa hajapimwa nguvu, ilishindana na kidonge kisicho na dawa katika utafiti wa Australia wa mwaka 2017 na haikukishinda. Kizunguzungu ndicho kilichozidi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unasema isitolewe kwa siatika.

Kusubiri nako kuna mwisho. Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa sana kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa: wengine wapasuliwe mapema, wengine waendelee kutibiwa bila kisu, wakipasuliwa tu ikibidi. Waliopasuliwa mapema walipona kwa wiki 4 kwa kipimo cha katikati, wenzao kwa wiki 12. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, asilimia 95 wakiwa wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliotakiwa kusubiri waliishia kupasuliwa. Nionavyo, dereva wa lori au mama lishe anayeshinda amesimama jikoni ana haki ya kuambiwa namba hizo na kuchagua mwenyewe. Miezi miwili bila kipato si jambo la kumwamulia mtu. Na Kanada, matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa kwa walioumwa kati ya miezi 4 na 12, upasuaji uliwapunguzia maumivu ya mguu zaidi ya kuendelea kusubiri. Kwa hiyo wiki ya sita ikipita bila nafuu ya maana, barua ya rufaa iandikwe, hata kama nguvu zote zipo.

Barua yenyewe mara nyingi husomeka "maumivu ya mgongo, kwa uchunguzi zaidi", na bingwa wa hospitali za rufaa kama MOI, KCMC au Bugando hawezi kujua kutokana na maneno hayo nani aanze. Iandikwe tarehe ambayo mguu ulianza kulegea, alama ya nguvu ya dole gumba na ya unyayo siku ya kwanza na leo, ganzi imefika wapi, mkojo uliobaki ni mililita ngapi, kipimo cha virusi vya UKIMWI, uzito wa mwezi uliopita na wa sasa, dawa alizotumia. Kwa mgonjwa ambaye mkojo umeziba, simu itangulie barua: aliye zamu aulizwe kama mashine ya MRI inafanya kazi usiku huo na kama daktari wa upasuaji yupo, kabla gari la wagonjwa halijawashwa.