Mawe ya kibofu kwa paka

Mawe ya kibofu kwa paka ni vijiwe vinavyojengeka ndani ya kibofu cha mkojo kutokana na madini yaliyomo katika mkojo. Yanayoonekana zaidi ni ya aina mbili: struviti, ambayo ina magnesi, amonia na fosfati, na oksalati ya kalsi. Struviti huweza kuyeyuka kwa lishe maalumu, oksalati haiyeyuki.

Sababu

Paka wa kufugwa ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu, ndiyo maana hunywa maji kidogo na mkojo wake ni mzito. Paka wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, yakiwemo yaliyomo katika chakula. Panya ana maji mengi mwilini, kwa hiyo paka anayewinda hupata sehemu kubwa ya mahitaji yake humo.

Hali ni tofauti kwa paka anayelishwa ugali na dagaa wakavu, kwani dagaa hao wana maji machache na, kwa sababu ya mifupa yao, fosfati nyingi. Newala iko juu ya uwanda wa juu wa Makonde, ambako mvua huzama ardhini na maji hupandishwa kutoka mabondeni au kukingwa mapaani. Maji yakiwa haba nyumbani, bakuli la paka husahaulika kwa urahisi. Masasi, chini ya uwanda huo, dagaa wakavu ni wale wale.

Mitishamba na lishe

Ndevu za mahindi zilizochemshwa hutumiwa na watu wengi kuongeza mkojo, na wengine huwapa paka. Hakuna uthibitisho kwamba huyeyusha mawe ya paka, na njia ya mkojo ikiwa imeziba, kuongeza mkojo huzidisha hatari. Kitunguu saumu na kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ini lake pia hushindwa kuvunja kemikali nyingi ambazo binadamu huzimudu, parasetamoli humuua.

Chakula cha tiba huyeyusha struviti kwa wiki chache. Kisipopatikana, dagaa wanaweza kuoshwa chumvi, kulowekwa na kupewa paka pamoja na mchuzi usio na chumvi wala kitunguu. Hilo hupunguza uzito wa mkojo, lakini si mbadala wa chakula cha tiba.

Kuziba kwa mkojo

Paka dume ana mrija mwembamba wa mkojo, hivyo huziba upesi. Huchuchumaa mara kwa mara, hulia, hutoa matone yenye damu au hakojoi kabisa. Wenye paka wengi hudhani amefunga choo. Potasi hupanda katika damu, moyo huvurugika, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Daktari wa mifugo huzibua kwa mpira mwembamba, na mawe ya oksalati huondolewa kwa upasuaji. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, mbali mno kwa paka aliyeziba. Wa kufuatwa siku hiyo hiyo ni daktari wa mifugo wa wilaya.