Msingi wa zege: Kinga ya kwanza ya ghala dogo dhidi ya unyevu

MSINGI mbovu wa nyumba hujulikana kwa nyufa ukutani. Ule wa ghala dogo la nyuma ya nyumba hujulikana kwa njia iliyo fiche zaidi: magunia ya mahindi huanza kunuka uvundo, mbolea hugandamana na majembe hushika kutu, ilhali paa la mabati halivuji hata tone.

Katika wadi ya Gatongora, eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, familia yenye ploti na shamba dogo huhitaji ghala la namna hii kwa vifaa, lishe ya mifugo na mavuno. Aghalabu fedha huelekezwa kwa mabati na mlango, kisha sakafu ikamwagwa juu ya udongo mtupu. Zege lina vitundu vidogo mno ambavyo maji ya ardhini hupandia polepole hadi kuyafikia magunia.

Madhara yake si ya kupuuzwa. Mnamo 2004, mahindi yaliyoingia sumu ya aflatoksini yalisababisha vifo vya watu 125, hasa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Wakati huo Ruiru ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Thika. Uchunguzi ulibainisha kuwa kuhifadhi mahindi yenye unyevu kulichangia pakubwa mkasa huo. Kuvu linalotoa sumu hiyo hustawi penye joto na unyevu.

Hatua ya kwanza ni kuuliza katika afisi za kaunti, kwa kuwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, serikali za kaunti ndizo hutoa idhini ya ujenzi. Hatua ya pili ni kuchagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji ya mvua.

Kwa ghala la mita 4 kwa mita 3, vigingi hupigwa kwenye pembe na kuunganishwa kwa kamba. Ili kuhakikisha pembe ni mraba, fundi hupima kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili kimshazari. Vipimo vyote viwili vikiwa mita 5 kamili, kazi imenyooka.

Udongo wa juu wenye mizizi na majani huondolewa wote hadi kuufikia ulio mgumu. Hapa tahadhari inahitajika. Udongo mwekundu wa upande wa mashamba ya kahawa hubeba uzito vyema, lakini udongo mweusi wa nyanda za chini hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hali ambayo huivunja sakafu. Mweusi huo sharti uchimbwe na kuondolewa, na pengo lijazwe mawe na changarawe.

Kisha hupangwa tabaka la mawe la sentimita 15, likashindiliwa mpaka lisitikisike. Juu yake hutandazwa vumbi la kokoto ili ncha za mawe zisitoboe karatasi nzito ya plastiki inayofuata. Karatasi hii ndiyo huzuia maji ya ardhini, nayo ndiyo mafundi wenye haraka huiacha. Vipande vyake vipandane kwa sentimita 30 hivi, na kingo zikunjwe juu kandokando ya mbao za kuzuia zege. Wavu wa chuma huwekwa ukiwa umeinuliwa kwa vijiwe, kwani ukilazwa juu ya plastiki hausaidii kitu.

Mchanganyiko unaofaa ni kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga safi na 4 vya kokoto, vyote vikipimwa kwa ndoo moja. Sakafu ya unene wa sentimita 10 kwa eneo hilo huhitaji mita 1.2 za ujazo za zege, yaani karibu mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Kila mfuko huchanganywa na takriban lita 25 za maji, au pungufu iwapo mchanga umelowa. Vibarua hupenda kuongeza maji ili koleo liende kwa wepesi, lakini zege la majimaji hukauka likiwa dhaifu na lenye vitundu vingi zaidi.

Zege limwagwe lote kwa siku moja, lishindiliwe na kusawazishwa kwa ubao ulionyooka. Uso wake uwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 hivi ili mafuriko ya uani yasiingie.

Kazi haiishii hapo. Zege hupata nguvu kwa maji, si kwa jua. Hivyo hufunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa muda usiopungua siku 7. Nguvu yake kamili hupimwa baada ya siku 28, na mizigo mizito ingoje hadi wakati huo.

Hata hivyo, sakafu bora haiwezi kukausha mahindi mabichi. Nafaka ihifadhiwe unyevu wake ukiwa umeshuka hadi asilimia 13.5 au chini ya hapo, na magunia yapangwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta.