Wahakiki walimtaka Trevor Noah awe na hasira

Jumatatu ya Septemba 28, 2015, saa 5 usiku kwa saa za New York, kijana wa miaka 31 kutoka Johannesburg, Afrika Kusini, aliketi kwenye kiti ambacho wachekeshaji wengi wa Marekani walikuwa wakikimezea mate. Kipindi ni The Daily Show cha kituo cha Comedy Central, na kijana mwenyewe ni Trevor Noah. Kulipopambazuka, wahakiki wa magazeti na mitandao ya Marekani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu.

Hukumu hiyo haikuwa ya kumzika, wala haikuwa ya kumbeba mabegani. Wengi walikubali kwamba kijana ni mtanashati, ulimi wake mwepesi, na kwamba hakutetemeka kama walivyotarajia. Lakini waliongeza lalamiko moja ambalo lilimfuata kwa muda mrefu: hana hasira. Jon Stewart, aliyemwachia kiti, alikuwa akifoka, akipiga meza na kushika kichwa kwa uchungu wa mambo ya nchi yake. Huyu mgeni anatabasamu tu.

Ndugu msomaji, sisi tunaoandika haya tunaishi nje ya nchi yetu kwa sababu ya kalamu. Kwa hiyo lalamiko hilo lilitushangaza kuliko mzaha wowote wa usiku ule. Hapa palikuwa na taifa linalomlaumu mchekeshaji, tena mhamiaji, kwamba hawasemi viongozi wake kwa ukali wa kutosha. Tunakotoka sisi, kosa huwa ni kinyume chake.

KITI KILIKUWA NA MWENYEWE

Ili kuwatendea haki wahakiki, ni lazima tukumbuke ukubwa wa pengo lililokuwapo. The Daily Show kilianza mwaka 1996 kikiongozwa na Craig Kilborn. Stewart alikichukua Januari 1999 na kukigeuza. Kutoka kipindi cha kuchekesha kwa kuigiza taarifa ya habari, kikawa mahali ambapo vijana wengi wa Kimarekani walikwenda kuelewa habari zenyewe: uchaguzi wa mwaka 2000, vita vya Irak, mdororo wa uchumi wa mwaka 2008. Kuanzia 2003 hadi 2012 kilitwaa tuzo ya Emmy ya kundi lake miaka 10 mfululizo. Stewart alipoaga Agosti 6, 2015, watu waliomboleza kana kwamba amefariki.

Mrithi wake je? Noah alikuwa amejiunga na kipindi Desemba 2014 tu, na hadi alipotangazwa Machi 30, 2015, alikuwa ametokea mara tatu. Marekani haikumjua. Afrika Kusini ilikuwa ikimjua vizuri, na wapenzi wa vichekesho katika nchi nyingine za Afrika walikuwa wamekwisha kumwona, lakini huko si ndiko kulikokuwa na kura.

Hata siku mbili hazikwisha kabla fukufuku hazijaanza. Watu walipekua ujumbe wake wa Twitter wa miaka ya nyuma wakakuta mizaha kuhusu Wayahudi na wanawake, mingine ikiwa ya hovyo kweli. Alijitetea kwamba si haki kumpima mtu kwa mizaha michache iliyomgomea, na kituo kikasimama naye. Kwa maneno mengine, kesi ilifunguliwa miezi sita kabla ya mshtakiwa kutamka neno la kwanza akiwa kwenye kiti.

USIKU WA KWANZA

Noah mwenyewe aliijua hali hiyo na hakuikwepa. Usiku ule alimshukuru Stewart, akasema ni kama baba ameondoka nyumbani na familia imeletewa baba wa kambo, tena mweusi. Alichekesha pia kwamba kazi iliyokataliwa na Wamarekani imeishia, kama kawaida, mikononi mwa mhamiaji. Akasema utotoni hakuwahi kuota mambo mawili: choo cha ndani ya nyumba na kiti kile. Choo, alisema, ndicho alichokizoea haraka.

Mgeni wake wa kwanza alikuwa mchekeshaji Kevin Hart. Waandishi wa kipindi walikuwa wengi wao wale wale, mpangilio ule ule, hata kile kipande cha mwisho cha video kilichokuwa alama ya kipindi kilibaki. Wapya walikuwa baadhi ya wasaidizi wake: Roy Wood Jr., Desi Lydic, na Ronny Chieng mzaliwa wa Malaysia.

Wahakiki waliona hayo yote na hawakukosea katika kila jambo. Ni kweli kwamba siku za mwanzo mahojiano yake yalikuwa mepesi, akiwachekea wageni mahali ambapo Stewart angewabana. Ni kweli kwamba baadhi ya mizaha ilisikika kama suti ya mtu mwingine. Watazamaji wa runingani nao walipungua sana mwaka wa kwanza. Na wanafunzi wa Stewart, John Oliver na baadaye Samantha Bee, walikuwa na vipindi vyao vyenye ule ukali uliozoeleka, kwa hiyo wahakiki wengi walisema warithi wa kweli ni hao.

Walipokosea, kwa maoni yetu, ni pale walipodhani tabasamu ni dalili ya kutojali.

TABASAMU LA MTU ALIYEYAONA

Noah alizaliwa Februari 20, 1984, mama Mxhosa na baba Mswisi, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zikikataza ndoa na mapenzi baina ya weupe na weusi. Kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi wa kosa la jinai, na ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 2016 kinaitwa Born a Crime. Mtu aliyekulia katika nchi ya namna hiyo hashangai serikali ikidanganya. Stewart alikasirika kwa sababu aliamini nchi yake ni bora kuliko yale aliyokuwa akiyaona. Hasira yake ilikuwa ya mwenye nyumba aliyekuta mwizi sebuleni. Noah hakuwa na nyumba hiyo. Yeye alikuwa jirani aliyekwisha kuibiwa zamani, akija kueleza jinsi wezi wanavyoingia.

Mfano ulipatikana wiki ile ile ya kwanza. Donald Trump alikuwa ametangaza kugombea urais Juni 2015 na wachekeshaji wa Marekani walikuwa wakimchukulia kama burudani. Noah alimweka bega kwa bega na watawala wa Afrika, wakiwamo Jacob Zuma, Muammar Gaddafi na Idi Amin, akionyesha kwa picha na sauti jinsi majigambo yanavyofanana. Hoja yake ilikuwa kwamba Marekani isione kioja kipya: huyu ni rais wa Kiafrika.

Mtu anaweza kulalamika kwamba mzaha huo uliibebesha Afrika nzima mizigo ya wachache, na lalamiko hilo lina uzito. Lakini msomaji wa Uganda au wa Kagera hahitaji kuelezwa alichokuwa akisema. Aliyeishi enzi za Amin anakumbuka kwamba dunia ilimcheka kwanza, na ni baadaye tu ilipoanza kuhesabu maiti. Noah hakupaza sauti kusema hayo, na hakuwa na haja ya kuipaza.

MGENI AKAPEWA JEMBE

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Noah alilipata nje ya mashamba ya Stewart. Wakati wa mapumziko ya matangazo alizoea kuzungumza na watu waliokuja studio, bila karatasi. Mazungumzo hayo yakarekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti kwa jina la Between the Scenes, na mwaka 2017 yalipata tuzo ya Emmy katika kundi la vipindi vifupi. Huko ndiko wengi walikomwona Noah mwenyewe, asiyevaa suti ya mtu.

Juni 2017, polisi aliyempiga risasi na kumuua Philando Castile huko Minnesota alipoachiwa huru na mahakama, Noah aliizungumzia video ya tukio na kusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyosimamishwa barabarani na polisi mara kadhaa tangu aingie Marekani. Hakufoka hata mara moja. Julai 2018, Ufaransa iliposhinda Kombe la Dunia, alitania kwamba Afrika imeshinda. Balozi wa Ufaransa mjini Washington, Gérard Araud, akamwandikia barua kwamba wachezaji wale ni Wafaransa na basi. Noah aliisoma na kujibu: kwa nini wasiwe vyote viwili? Kwa sisi tunaolea watoto wenye paspoti ya huku na bibi wa kule, hakuna mjadala wa runinga wa miaka ile uliotugusa kama huo.

Si kila jaribio lilipokewa vizuri. Novemba 30, 2016, alipomkaribisha Tomi Lahren, mtangazaji kijana wa mrengo wa kulia, wapo waliomsifu kwa utulivu na wapo waliomshutumu kwa kumpa jukwaa. Lile lalamiko la kukosa hasira likafufuka. Safari hii, hata hivyo, lilikuwa na upande wa pili wenye nguvu, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuona kwamba utulivu ule ni njia aliyoichagua.

MEI 2020, HUKU NA KULE

Kama tungetakiwa kutaja mwezi mmoja unaoeleza kwa nini tunaandika makala haya, tungetaja Mei 2020. Kwa sababu ya korona, Noah alikuwa akitangazia kipindi nyumbani kwake New York. George Floyd aliuawa na polisi wa Minneapolis Mei 25. Siku nne baadaye Noah alitoa video ya takribani dakika 18, akiwa ameketi peke yake, bila mizaha ya kuandikwa, akieleza kwamba jamii ni mkataba na kuuliza watu weusi wanapata nini kwa kuutii mkataba ambao wenzao wanauvunja. Mamilioni waliitazama. Wale wahakiki waliotaka hasira wakaipata, ila ilikuja kwa sauti ya chini.

Mwezi huo huo nyumbani Tanzania, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi. Alikuwa ameonekana kwenye video akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli akiwa ndani ya suti kubwa kuliko mwili wake. Alikaa mahabusu siku kadhaa, na alipofikishwa mahakamani alishtakiwa kwa jambo la laini ya simu. Mwaka 2019 alikuwa amekwisha kuitwa polisi kwa kubadilishana sura na rais kwenye picha. Hatusemi kwamba kwetu hakuna wanaothubutu. Nchini Kenya, The XYZ Show iliwaigiza viongozi kwa vikaragosi kuanzia mwaka 2009, na aliyeiasisi ni Mtanzania, mchora katuni Gado. Tunasema tu kwamba mwezi ule mchekeshaji mmoja alikuwa akipimwa na wahakiki na mwingine akipimwa na polisi.

HESABU YA MWISHO

Noah aliondoka kwenye kiti Desemba 8, 2022, baada ya miaka saba. Januari 2024, kipindi chake kikapewa Emmy ya kipindi bora cha mazungumzo, wakati mwenyewe amekwisha kwenda zake. Mwezi uliofuata Stewart alirejea, akiongoza siku za Jumatatu, na wahakiki wakaandika kwamba alivyofoka ni kama hakuwahi kuondoka.

Tungependa kumalizia kwa kusema Marekani ni pepo ya wachekeshaji, lakini hatutasema uongo. Julai 2025, CBS ilitangaza kwamba itaifunga The Late Show ya Stephen Colbert Mei 2026, ikisema sababu ni fedha, na wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Septemba 2025, ABC ilimsimamisha Jimmy Kimmel kwa siku chache baada ya mkuu wa tume ya serikali ya mawasiliano kutoa vitisho hadharani. Kelele za watazamaji zilisaidia kumrudisha. Noah alikwisha kuwaambia Wamarekani katika wiki yake ya kwanza kwamba yanayotokea kwetu yanaweza kutokea kwao.

Kwa hiyo, ndugu zetu wenye kalamu ya uhakiki, popote mlipo: mchekeshaji mpya akikaa kitini, mpeni hizo siku mbili kabla ya kumpima. Na mkimpima, mlaumuni mnavyotaka, mseme hachekeshi, mseme mpole mno. Lawama hizo ni za heri. Nchi inayomlaumu mchekeshaji wake kwa upole bado inamtaka aseme.