Je, Wajua? Koo Halichagui Usiku wala Mchana

Usingizi wa mchana hulegeza misuli ya koo kama ule wa usiku. Mwenye apnea ya usingizi akipitiwa kidogo tu, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa ikaziba na pumzi ikakatika sekunde 10 au zaidi, mpaka ubongo ushtuke. Pumzi ikikatika au kupungua hivyo mara 5 kwa saa, ugonjwa upo. Ikifika mara 30, ni mkali. Anayekoroma kwenye kochi baada ya ugali wa ulezi na migebuka hajasalimika kwa sababu jua linawaka.

Mashine ya CPAP ilitengenezwa kwa ajili ya koo hilo. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliijaribu kwa mgonjwa mwaka 1980, akitumia mota ya kifyonza vumbi inayosukuma hewa badala ya kuivuta. Wengi hudhani inatoa oksijeni. La! Hewa ni hii hii ya chumbani, ila inapitishwa kwenye bomba na barakoa kwa presha ya kuinua maji kati ya sentimita 4 na 20, nayo hulizuia koo lisijifunge.

Kimo cha mahali nacho huathiri pumzi na mashine. Sumbawanga, kwenye nyanda za Ufipa, iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huku ni takriban asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inayokatika huanza na akiba ndogo ya oksijeni. Feni ya mashine nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe presha ile ile. Mashine mpya hujirekebisha zenyewe. Baadhi ya zile za zamani lazima ziwekewe kimo cha mahali kwa mkono, na anayenunua iliyotumika aulize hilo kabla ya kutoa pesa.

Halafu kuna baridi ya Ufipa. Usiku wa Juni na Julai, mvuke wa mashine wa kulainishia hewa hupoa bombani ukawa maji, na mtu huamka pua imelowa. Dawa yake ni kulipitisha bomba chini ya blanketi. Umeme ukikatika, mashine nyingi hukubali betri ya volti 12 kwa waya wake maalumu. Zima kipasha maji cha mashine, maana ndicho kinacholamba umeme kuliko feni.

Mchana una faida yake pia: aliyeanza tiba juzi huizoea barakoa upesi akiivaa akiwa amejilaza kwa utulivu, bila wasiwasi wa kukesha. Lakini ukiitumia usiku kucha na bado unasinzia kila mchana, huenda barakoa inavujisha hewa au presha haitoshi. Mrudie daktari akaipime upya, na hadi hapo usishike usukani wa gari wala bodaboda. Na leo ukijinyoosha baada ya chakula, hata kwa dakika 20, vaa barakoa.