Tiramisu bila pombe: kinachopita Horohoro si lazima kiwe halali jikoni



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji wa Unguja na Pemba, kuna tamutamu ya Kitaliano ambayo sasa imeingia majumbani mwetu, nayo ni tiramisu. Imefika pwani yetu kwa milango miwili. Wa kwanza ni mahoteli ya Kiwengwa, na Malindi na Watamu kule Kenya, ambako Wataliano ni wengi na vijana wetu wanafanya kazi za jikoni. Wa pili ni vifurushi: jamaa wa Mombasa ananunua biskuti, jibini na vichupa vya ladha, anavipakia basi la Tanga, vinapita mpaka wa Horohoro, kisha vinavuka bahari mpaka Wete au Mkoani. Swali linalotufikia kutoka kwa akina mama ni moja: je, kitu hiki tunaweza kuwapa watoto wetu?

Jibu kwa ufupi ni kuwa tiramisu yenyewe ni chakula cha halali, na asili ya vyakula ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Linalotakiwa ni kujua kinachotiwa ndani yake. Tutaeleza hilo, kisha tutatoa vipimo na namna ya kuitayarisha nyumbani.

ASILI YAKE

Jina la tiramisu maana yake ni "ninyanyue", kwa sababu ya nguvu ya kahawa, mayai na sukari. Inanasibishwa zaidi na mkahawa wa Le Beccherie katika mji wa Treviso, karibu na Venice, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanaotajwa ni mwenye mkahawa, Ado Campeol, mkewe Alba, na mpishi wao Roberto Linguanotto. Wako Wataliano wa mkoa jirani wa Friuli wanaodai kuwa wao ndio wa mwanzo.

Kwetu sisi la muhimu ni hili: maelekezo ya Le Beccherie, ambayo chuo cha mapishi cha Italia kiliyathibitisha mwaka 2010, hayakuwa na pombe. Tamutamu hii ilikusudiwa kuliwa na watoto na wazee pia. Divai ya Marsala, ramu na vileo vyengine viliongezwa baadaye na wapishi wengine. Kwa hiyo anayekwambia kuwa "bila ya ramu si tiramisu ya kweli" anasema asilolijua. Unapoiacha pombe hujaipunguza kitu, bali umeirejesha kwenye asili yake.

Hata kahawa iliyomo si ngeni kwetu. Kinywaji hiki kilitoka Yemen, na mwaka 1511 kiliwahi kupigwa marufuku Makka kabla ya marufuku hiyo kuondolewa. Kikafika Venice kupitia biashara na nchi za Waislamu.

HUKUMU YA "KIDOGO TU"

Baadhi ya watu husema kijiko kimoja cha ramu ndani ya treya nzima hakilevyi mtu. Khamri imekatazwa waziwazi katika Suratul-Maidah, aya ya 90. Na Hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.), iliyomo katika Sunan Abi Dawud na Tirmidhi, imeufunga mlango wa kidogo tu: kitu kikishakuwa cha kulevya kinapotumiwa kwa wingi, hata kiasi chake kidogo kimo katika katazo.

Wengine husema pombe huruka ikipata moto. Hili nalo halisimami. Vipimo vya wataalamu wa chakula wa Marekani vinaonesha kuwa chakula kilichochemshwa na pombe kwa dakika 15 hubakiwa na kiasi cha asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kiasi cha asilimia 5. Tena tiramisu haipikwi. Kahawa iliyochanganywa na ramu hunyonywa na biskuti, ikatiwa friji, ikaliwa. Pombe yote imo.

Pia tukumbuke kuwa jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafi ambao ndio madhehebu ya wengi wetu visiwani, wanaihesabu khamri kuwa ni najisi. Mwenye kufuata kauli hiyo ataviosha vyombo vilivyoguswa nayo kabla ya kuvitumia tena.

MUHURI WA MPAKANI SI MUHURI WA HALALI

Hapa ndipo familia nyingi zinapoghafilika. Horohoro iko wilaya ya Mkinga, kiasi cha kilomita 65 kaskazini ya mji wa Tanga, na ng'ambo yake ni Lunga Lunga, kaunti ya Kwale. Ni kituo cha pamoja, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. TRA wanakusanya kodi. TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye jukumu la usalama wa chakula upande wa bara, wanaangalia ubora na tarehe ya kumalizika muda.

Maofisa hawa wanafanya kazi yao, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kukuangalizia kama ndani ya biskuti mna divai. Pombe ni bidhaa inayoruhusiwa na sheria za nchi zote mbili, ikilipiwa kodi inapita. Kwa hiyo mtu asiseme, "Kimepita Horohoro, kimekaguliwa." Kimekaguliwa kwa mambo mengine. Ukaguzi wa halali umebaki mikononi mwako wewe unayekitia mdomoni mwa mwanao.

Tunawanasihi muangalie mambo haya:

1. Alama ya halali na jina la aliyeitoa. Kwa Kenya iko ofisi ya Kenya Bureau of Halal Certification, na bara iko BAKWATA. Neno "halal" lililochapishwa bila ya jina la taasisi yoyote halitoshi.

2. Maandishi ya vilivyomo. Ukiona maneno rum, Marsala, liqueur, amaretto au alcol, kirudishe. Ziko biskuti na tiramisu za pakiti ambazo huwa tayari zimetiwa.

3. Jelatini. Hutiwa ili malai yagande. Hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingi inayotoka Ulaya ni ya nguruwe. Tiramisu ya asili haihitaji jelatini.

4. Namba E471. Inaweza kuwa imetokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba peke yake haikwambii. Ikiwa hakuna alama ya halali, muulize muuzaji au chagua nyengine.

5. Vanila ya maji. Nyingi imeyeyushwa kwa pombe. Kwa sheria ya Marekani, vanila halisi ya maji haipungui asilimia 35 ya pombe. Wanazuoni wa zama hizi wana mazungumzo marefu juu ya kiasi kidogo kinachotumika kuyeyushia ladha. Aliye na njia ya kuepuka ni bora aepuke: tumia vanila ya unga, au hiliki.

Ama jibini ya mascarpone inayotumika, kwa kawaida hugandishwa kwa kitu kikali kama ndimu, si kwa kimeng'enyo cha tumboni mwa ndama. Hivyo shaka yake ni ndogo, na ukiitengeneza mwenyewe shaka huondoka kabisa.

Na anayemtumia mwenzake mzigo, aupitishe kwa njia iliyo sawa na alipe kinachostahiki. Halali haianzii jikoni tu.

VIPIMO (watu 8)

Malai mazito ya maziwa (krimu ya kupiga) – nusu lita
Maji ya ndimu – kijiko 1 cha supu
Viini vya mayai – 4
Sukari – gramu 100
Kahawa nzito iliyopoa, bila sukari – vikombe 2 vya chai
Biskuti za vidole – kiasi cha 24 hadi 30
Kakao ya unga – vijiko 2 vya supu
Hiliki iliyosagwa – nusu kijiko cha chai (ukipenda)

Biskuti za vidole ukizikosa: mayai 3, sukari gramu 90, unga wa ngano gramu 90.

NAMNA YA KUTAYARISHA

Jibini (siku moja kabla). Pasha malai kwa moto mdogo huku unakoroga, mpaka yaanze kutoa povu dogo pembeni bila ya kuchemka. Tia maji ya ndimu, koroga dakika 3 hadi 5 mpaka yawe mazito kiasi cha kushika mgongo wa kijiko. Epua, yaache yapoe, kisha yamimine katika kitambaa safi juu ya chujio na uweke ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi utapata jibini laini.

Biskuti. Piga ute wa mayai na nusu ya sukari mpaka usimame. Piga viini na sukari iliyobaki mpaka viwe vyeupe. Changanya kwa mwiko taratibu, chungia unga, usikoroge sana. Panga katika treya kwa umbo na urefu wa kidole, nyunyizia sukari kidogo, choma kwa moto wa 180 dakika 12 hadi 15. Ziache zikauke vizuri, kwani biskuti laini hulowa na kuvunjika.

Kahawa. Tumia buni za Usambara au Kilimanjaro, vijiko 4 vya supu vya kahawa ya unga kwa vikombe 2 na nusu vya maji. Chemsha kama kahawa chungu ya mdila, lakini bila ya tangawizi. Ichuje kwa kitambaa ili machicha yasibaki. Tia hiliki hapa kama unaipenda.

Mayai. Usitumie viini vibichi, kwa sababu vinaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa watoto, wazee na wajawazito. Weka viini na sukari katika bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, maji yasiguse bakuli. Piga kwa mchapo bila kusita dakika 6 hadi 8, mpaka viwe vizito, vyeupe na vya moto. Mwenye kipimajoto ahakikishe vimepita nyuzi 71. Epua, endelea kupiga mpaka vipoe.

Kupanga. Changanya viini na jibini kidogo kidogo. Chovya kila biskuti katika kahawa kwa sekunde moja kila upande, usiiache ikalowa. Panga safu moja katika treya, tandaza nusu ya mchanganyiko, panga safu ya pili, malizia na mchanganyiko uliobaki. Funika, weka ndani ya friji saa 6 au zaidi. Chungia kakao wakati wa kupakua.

TAHADHARI

Joto la visiwani halina huruma na malai na mayai. Tiramisu isikae nje ya friji zaidi ya saa moja, na iliwe ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika muda mrefu, usiionee haya kuitupa: kulinda afya ni bora kuliko kuokoa treya. Kama unaiandaa kwa futari, itoe baada ya Magharibi, si Alasiri. Na watoto wadogo wapewe kidogo, kwa sababu ya kahawa, hasa usiku.

UKIWA MGENI

Ukialikwa au ukiwa mkahawani, uliza kwa adabu: "Mmetia kileo?" Vijana wetu wa mahotelini wanajua kilichotiwa, na kuuliza si aibu. Ukiambiwa kimo, iache. Ukiwa huna uhakika na hupati wa kukujibu, kuliacha lenye shaka ndio salama ya dini yako, na kesho utaitengeneza nyumbani kwa vipimo unavyovijua.

Mwenye suala mahsusi juu ya bidhaa fulani alipeleke kwa shekhe wake au Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, akiwa na pakiti yenyewe mkononi ili kilichoandikwa kisomwe.

Tunamuomba Allah atujaalie riziki njema, na atuepushe na haramu iliyojificha katika vilivyo vitamu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.