Joto la Lami Kati ya Mtambo na Shimo

Lami inayotandazwa barabarani ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na vumbi la mawe, ambavyo kwa pamoja huchukua takriban asilimia 95 ya uzito wote, ukishikanishwa na bitumeni, yaani ule ute mzito mweusi unaobaki baada ya mafuta ghafi kusafishwa. Mchanganyiko huo, ambao wahandisi huuita zege la lami, hutoka mtamboni ukiwa na nyuzi joto 140 hadi 170 za Selsiasi kutegemea aina ya bitumeni iliyotumika, kwa kuwa katika joto hilo bitumeni hulainika ikaivisha kila punje ya kokoto utando mwembamba. Zege likipoa na kufikia nyuzi 80 hivi, bitumeni huwa imekaza kiasi kwamba mashine ya kushindilia, hata ipite mara ngapi, haiwezi tena kuzisogeza kokoto zikabanana inavyotakiwa. Kazi yote ya kusafirisha, kumwaga, kusawazisha na kushindilia haina budi kukamilika kabla joto halijashuka hadi hapo.

Kushindilia huko hakufanywi kwa ajili ya kupendeza macho. Zege la lami lililoshindiliwa vizuri hubaki na matundu madogo ya hewa ambayo hayaungani, ilhali matundu hayo yakizidi asilimia 8 hivi ya ujazo huanza kufunguliana, maji yakapata njia ya kupenya, na kila tairi linalopita huyasukuma kwa nguvu ndani ya kiraka kilichoziba shimo hadi bitumeni inabanduka kwenye kokoto. Kiraka kilichoshindiliwa kikiwa kimepoa kinaweza kuonekana cheusi, sawasawa na imara siku kilipowekwa, kisha kikamomonyoka katika wiki za kwanza za masika. Wananchi hulaumu mvua, mkandarasi hulaumu malori mazito, na ni nadra mtu kuuliza zege lile lilikuwa na joto kiasi gani lilipofika kwenye shimo.

Ujenzi wa barabara mpya haupati shida hii kwa ukali uleule, kwa sababu lori lenye makumi ya tani humwaga shehena yake yote kwenye mashine ya kutandaza kwa muda mfupi, na shehena kubwa huhifadhi joto kuliko ndogo, kwa kuwa sehemu iliyo wazi kwa hewa ni ndogo ikilinganishwa na uzito wa ndani. Kikosi cha kuziba mashimo hufanya kazi kinyume cha hayo: huchukua tani chache tu, huzitumia kutwa nzima, na katika kila shimo hulazimika kukata kingo, kuondoa vumbi na maji, kupaka bitumeni ya kugandisha, kujaza na kushindilia kabla ya kusogea mbele. Shimo la kwanza hupata zege la moto, la kumi hupata zege vuguvugu, na yale ya alasiri hujazwa mabonge yanayovunjwa kwa koleo. Anayedhani kwamba nchi zenye jua kali zimesalimika na tatizo hili anajidanganya, maana kati ya zege la nyuzi 150 na hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 kuna tofauti ya nyuzi 120, ambayo si ndogo sana kuliko ile ya Ulaya wakati wa baridi, na tabaka jembamba la sentimita mbili au tatu hupoa kwa dakika chache popote duniani.

Kinga inayotumika zaidi ni turubai juu ya lori la tipa, nayo inasaidia ikiwa imefungwa vizuri na haijatoboka. Hata hivyo, turubai haizuii joto kupotea kupitia mabati ya kando, na ndiyo maana zege lililosafiri mwendo mrefu hufanya gamba lililopoa juu na pembeni huku kiini kikiwa bado cha moto. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba magamba hayo yakichanganyika na zege la moto huacha barabarani mabaka yasiyoshindilika, ambayo ndiyo huharibika mapema.

Kifaa kilichobuniwa mahususi kwa kazi ya viraka ni sanduku la kutunza joto, ambalo hufungwa juu ya lori au huvutwa kama tela, na mara nyingi hubeba tani 2 hadi 4. Kuta zake ni mbili, na katikati hujazwa sufi ya madini inayozuia joto kutoka. Chini yake huwa na kichomeo cha dizeli au cha gesi ya mitungi, au vipasha joto vya umeme. Katika sanduku lililoundwa vizuri, moto haugusi bati linaloshika zege, bali hupasha hewa au mafuta maalumu yanayozunguka ndani ya kuta, na kidhibiti joto huwasha na kuzima kichomeo chenyewe pindi kipimo kilichowekwa kinapofikiwa. Zege hutolewa nyuma kupitia mlango mdogo, ama kwa kuinua sanduku, ama kwa parafujo kubwa inayozunguka sakafuni, hivyo sehemu inayobaki haifunuliwi kwa hewa kila mara shimo moja linapojazwa.

Zege la lami hupitisha joto polepole, kwa hiyo moto mkali chini ya sanduku huunguza lile lililo karibu na bati kabla la katikati halijapata joto la kutosha. Bitumeni iliyoungua hupoteza sehemu zake laini, huungana na oksijeni na kuwa ngumu yenye kukatika, nayo hairudi tena katika hali yake kwa kupozwa. Kutunza joto, basi, ni bora kuliko kulirudisha, na sanduku linalojazwa zege la nyuzi 150 asubuhi hufanya kazi nyepesi kuliko lile linalotakiwa kufufua shehena iliyokwisha kupoa. Yapo masanduku yanayoweza kupasha upya vipande vya lami kuukuu usiku kucha, nayo huthaminiwa sana kaskazini mwa Marekani na Kanada, ambako mitambo mingi ya lami hufungwa majira ya baridi. Lakini bitumeni kuukuu imekwisha kukakamaa, na mara nyingi huhitaji kuongezewa mafuta maalumu ya kuilainisha.

Kifaa kingine ni paneli ya miali ya joto inayotumia gesi, ambayo huwekwa juu ya barabara yenyewe ikalainisha lami iliyopo kwa kina cha sentimita chache ndani ya dakika kumi hivi. Faida yake ni kwamba lami mpya na ya zamani hushikana zote zikiwa za moto, na kingo za kiraka, ambazo ndizo mlango mkuu wa maji, hazibaki na ufa.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki joto la kulainisha bitumeni bado hutafutwa kwa pipa la lita 200 lililotegwa juu ya kuni kando ya barabara. Njia hiyo haina kidhibiti chochote, na hatari yake kwa vibarua, ambao wengine huvaa kandambili, ni kubwa mno kuachwa bila kukemewa. Maji kidogo yakiingia ndani ya bitumeni ya moto hugeuka mvuke unaochukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji yenyewe, na pipa likafurika kwa ghafla. Bitumeni ikimrukia mtu hung'ang'ania ngozi, naye anapaswa kupozwa mara moja kwa maji safi mengi na kupelekwa hospitalini, bila mtu yeyote kujaribu kuibandua.

Dizeli nayo humwagwa mara kwa mara kwenye tipa na makoleo ili zege lisigande, jambo linaloonekana dogo lakini huyeyusha bitumeni na kudhoofisha kiraka kabla hakijazaliwa. Zipo dawa za kuzuia kuganda zisizo na madhara hayo, na kikosi kinachojali kazi yake hakina sababu ya kuzikosa.

Ni kweli kwamba ipo lami baridi, inayochanganywa kwa bitumeni iliyotawanywa katika maji kama matone madogo au iliyoyeyushwa katika mafuta mepesi, ambayo hujazwa bila kupashwa. Inafaa kwa dharura wakati wa mvua na mahali palipo mbali sana na mtambo, na ile iliyotengenezwa vizuri inaweza kudumu kuliko inavyodhaniwa. Lakini katika barabara yenye malori mengi, kiraka cha zege la moto lililoshindiliwa kwa wakati ndicho cha kutegemewa.

Mamlaka zinazosimamia barabara za mijini na vijijini, kama TARURA iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2017, au KURA inayosimamia zile za mijini nchini Kenya, hushughulikia maelfu ya mashimo madogo yaliyotawanyika, na hiyo ndiyo kazi hasa ambayo sanduku la kutunza joto lilibuniwa kuifanya. Mikataba ya ukarabati iandike wazi kwamba joto la zege lipimwe kwenye shimo, si mtamboni peke yake, na kwamba shehena iliyoshuka chini ya kipimo irudishwe. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya zege ni cha bei ndogo kuliko shimo moja linalozibwa mara mbili, na mhandisi wa halmashauri anaweza kuanza kukitumia kesho, hata kabla fedha za kununulia sanduku hazijapatikana.